Mashine Haiweki Saini

Miaka mitatu iliyopita, katika kituo kimoja cha tiba kilicho hatua chache kutoka Mtaa wa Msimbazi, niliweka saini yangu chini ya jibu ambalo sikulitafuta mwenyewe. Ilikuwa siku ya uchunguzi wa kifua kikuu kwa watu wa Kariakoo na vitongoji vyake. Foleni ilianzia mlangoni ikapinda hadi kwenye kibaraza cha duka la vitenge la jirani: wapagazi, wasukuma mikokoteni, mama lishe, mafundi simu, na wamachinga waliokuja na bidhaa zao begani kwa kuwa hawakuwa na wa kumwachia. Kila mmoja alipigwa picha ya eksirei ya kifua, na kabla picha haijafika machoni pangu, programu ya akili mnemba ilikuwa imekwisha kuisoma na kuipa alama kati ya 0 na 100. Aliyepata 60 au zaidi alipelekwa kutoa makohozi. Aliyepata pungufu ya hapo alikuja kwangu kupata saini, kisha akarudi sokoni.

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja, msukuma mkokoteni wa miaka mingi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee wangu," naye akaitikia, "Marahaba, daktari. Nifanyie haraka, mzigo wa watu nimeuacha juani." Karatasi yake ilionyesha kwamba amekohoa kwa wiki nne. Alama yake ilikuwa 52. Niliitazama alama kwanza, kisha picha. Na picha, baada ya kuiona alama ile, ikaniridhisha. Nikaandika kwamba hakuna dalili za ugonjwa, nikaweka saini.

Wiki tisa baadaye alirudi akikohoa damu. Kipimo cha makohozi kilithibitisha kifua kikuu. Mjukuu wake wa miaka mitatu, aliyekuwa akilala naye chumba kimoja, alikuwa naye ameambukizwa na kuugua. Nikaitoa picha ya awali na kuiweka kwenye mwanga. Nyuma ya mtulinga wa kulia kulikuwa na kivuli kidogo ambacho mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa nne angekiona, laiti angeambiwa atazame bila kwanza kuambiwa alama.

Mzee hakunilaumu. Aliniuliza tu, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua: "Kwani daktari, siku ile aliyesema mimi ni mzima alikuwa nani? Wewe au ile mashine?"

Makala haya ni jaribio langu la kumjibu mzee yule, na kuwajibu wengine watakaouliza swali lilelile katika miaka ijayo. Maana litaulizwa tena, na si mara moja.

Si hoja ya kuitupa mashine

Napenda nieleweke tangu mwanzo: siandiki haya ili kuipinga akili mnemba. Tanzania iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu kwa kipindi cha mwaka 2021 hadi 2025, ilhali mabingwa wa kusoma picha za eksirei ni wachache, na wengi wao wako katika hospitali kubwa za mijini. Mwaka 2021 shirika hilohilo lilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchuja picha za kifua za watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa zahanati isiyo na bingwa hata mmoja, huo si mzaha wa kitaalamu. Ni tofauti kati ya kuchunguzwa na kutochunguzwa kabisa.

Baadhi ya wenzangu husema kwamba ukidai kila picha isomwe na daktari, umekwisha kuifuta faida yote ya programu hizi. Wana haki, na ndiyo maana sidai hivyo. Ninachodai ni kitu kingine: kila jibu linalotoka kwenye mashine na kumgusa mgonjwa liwe na mtu anayelijibia, anayejulikana kwa jina, mwenye mamlaka ya kulikataa na mwenye muda wa kufanya hivyo. Mashine haiweki saini. Haiwezi kuitwa mbele ya Baraza la Madaktari, haiwezi kusimama kizimbani, wala haiwezi kwenda nyumbani kwa mgonjwa kumwomba radhi. Kazi hizo zimebaki kuwa za binadamu, na hatari iliyopo ni kwamba binadamu tunaanza kujificha nyuma ya kitu kisichoweza kuzibeba.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mfano mwema. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, shirika la APOPO hufunza panya buku kunusa makohozi na kutambua yale yenye vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20 hivi. Panya huyo hawezi kueleza amejuaje, kama vile programu ya eksirei isivyoweza kueleza kwa lugha yetu kwa nini imetoa 52 badala ya 62. Hata hivyo, hakuna mgonjwa anayeanzishiwa dawa kwa sababu panya amesimama juu ya tundu fulani. Sampuli aliyoitilia shaka hupimwa upya maabara na mtaalamu, na jibu la maabara ndilo linalompeleka mgonjwa kwenye tiba. Tena, miongoni mwa sampuli anazonusa huwekwa zile ambazo majibu yake tayari yanajulikana, ili kuona kama pua yake bado ni ile ile. Kwa maneno mengine, panya amezungushiwa utaratibu: anapimwa kila siku, anathibitishwa, na nyuma yake yuko mtu anayejibu.

Basi inashangaza kwamba panya wa Morogoro ana usimamizi mkali kuliko baadhi ya programu zinazoingizwa vituoni mwetu kwa hati ya manunuzi na mafunzo ya nusu siku. Kwa maoni yangu, kila programu inayogusa uamuzi wa tiba inahitaji saini tatu za binadamu. Nitazieleza moja baada ya nyingine.

Saini ya kwanza: ni nani aliyepanga alama ya mpaka?

Programu ile haikusema kwamba mzee ni mzima. Ilisema 52. Aliyeigeuza 52 kuwa "mzima" ni yule aliyeamua kwamba mpaka uwe 60. Hili ni jambo ambalo wagonjwa hawaambiwi na ambalo hata sisi wahudumu wengi hatulifikirii. Ukiushusha mpaka, utawapata wagonjwa wengi zaidi, lakini utawapeleka pia watu wengi wazima kwenye kipimo cha vinasaba vya vimelea, ambacho katriji zake ni ghali na huisha. Ukiupandisha, utaokoa katriji, lakini baadhi ya wagonjwa watarudi nyumbani na ugonjwa wao. Hakuna namba isiyo na gharama. Kinachobadilika ni nani anayeilipa.

Nilipouliza, baada ya tukio lile, ni nani aliyepanga 60, msimamizi mmoja aliniambia kwamba programu ilikuja hivyo. Mwingine akasema iliongezwa kidogo ili katriji zisiishe kabla ya mwisho wa mwezi. Huenda wote wawili walisema kweli. Lakini hapakuwa na karatasi yoyote yenye jina la mtu, tarehe na sababu. Uamuzi wa nani akose kipimo ulikuwa umefanywa, na haukuwa na mwenyewe.

Jambo hili ni zito zaidi kwa watu kama wale wa Msimbazi. Tafiti za programu hizi zimeonyesha kwamba hukosea zaidi kwa watu waliowahi kuugua kifua kikuu, kwa kuwa makovu ya zamani huonekana kama ugonjwa mpya, na kwa wazee. Kwa hiyo namba iliyopangwa kwa picha za nchi nyingine, au hata za hospitali nyingine nchini mwetu, haiwezi kuhamishiwa Kariakoo kama bati linavyohamishwa kutoka paa moja hadi jingine. Ni lazima ipimwe upya hapa, kwa vifua vya hapa.

Zaidi ya mpaka, kuna swali la kile ambacho mashine imefundishwa kukitafuta. Oktoba 2019, jarida la Science lilichapisha utafiti kuhusu programu iliyotumika sana nchini Marekani kuchagua wagonjwa wanaostahili uangalizi wa ziada. Watengenezaji wake hawakuipa hesabu ya ugonjwa. Waliipa hesabu ya gharama za matibabu, wakidhani aliyetumia fedha nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Kwa kuwa Wamarekani weusi walikuwa wakitumiwa fedha kidogo kwa ugonjwa uleule, programu iliwaona kuwa na afya kuliko walivyokuwa. Watafiti walikadiria kwamba kasoro hiyo ikirekebishwa, sehemu ya watu weusi miongoni mwa waliochaguliwa kupata msaada ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Hakuna aliyeandika ubaguzi ndani ya programu ile. Uliingia kwa mlango wa kipimo kilichochaguliwa vibaya.

Sasa tujitafakari. Msukuma mkokoteni anayelipa fedha taslimu, anayemeza vidonge vya duka la dawa na kufika hospitalini mara moja kwa miaka mitano, ataonekanaje machoni pa mashine iliyojifunza kutoka kwenye mafaili ya hospitali? Ataonekana mzima. Ukimya wake kwenye kumbukumbu utasomwa kuwa ni afya. Tukijenga mifumo ya bima ya afya kwa wote juu ya kumbukumbu za namna hiyo bila kuzihoji, tutawanyima waliokwisha kunyimwa, na tutafanya hivyo kwa hesabu zinazoonekana safi.

Saini ya kwanza, basi, ni ya mtu au kamati ndani ya taasisi inayosema: tumepanga mpaka huu, kwa sababu hizi, tumeujaribu kwa wagonjwa wetu wa aina hii, na tutaupitia tena tarehe fulani.

Saini ya pili: ni nani anayelijibia jibu?

Kosa la mpaka lilikuwa la taasisi. Kosa la kuitazama picha baada ya alama lilikuwa langu. Nikiri wazi kwamba hata bila picha yoyote nilikuwa na sababu ya kutosha. Mwongozo tunaoufundisha wanafunzi wetu unasema kwamba mtu anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi achukuliwe makohozi. Mzee alikuwa na wiki nne. Nilijua kanuni hiyo kabla mashine haijazaliwa, na bado niliiweka kando kwa sababu kioo kilinionyesha namba iliyo chini ya mstari.

Mwelekeo huu wa akili ya binadamu kuegemea jibu la mashine hata pale ushahidi unapolia kinyume chake unajulikana vizuri katika taaluma ya usalama, na Shirika la Afya Duniani liliutahadharisha tena Januari 2024 katika mwongozo wake kuhusu programu kubwa za mazungumzo. Hautibiki kwa kumwambia daktari "kuwa makini". Daktari mwenye watu 80 kwenye foleni hawezi kuwa makini kwa amri. Unatibika kwa kupanga kazi: daktari aandike maoni yake kwanza, ndipo alama ifunguliwe, dalili za mgonjwa zisimame peke yake kama sababu ya kupimwa, hata alama iwe sifuri, na idadi ya picha kwa msomaji mmoja kwa siku iwe na kikomo.

Kuna mfano wa kutafakari kutoka kwa majirani zetu. Jijini Nairobi, mtandao wa kliniki za Penda Health ulijaribu programu ya akili mnemba iliyokaa ndani ya mfumo wa mafaili na kumfuatilia mhudumu anapoandika. Ikiona mambo yako sawa, huonyesha rangi ya kijani. Ikiwa na shaka ndogo, njano. Ikiona hatari, nyekundu, na hapo mhudumu hawezi kuendelea kabla ya kulisoma onyo. Lakini uamuzi wa mwisho hubaki kwake. Ripoti iliyotolewa Julai 2025, iliyohusu mahudhurio 39,849 ya wagonjwa katika kliniki 15, ilieleza kwamba makosa ya utambuzi wa ugonjwa yalipungua kwa asilimia 16 na ya matibabu kwa asilimia 13.

Msomaji makini ataona mambo matatu hapa. Kwanza, programu haikumtangulia mhudumu. Ilimfuata na kumkagua. Huo ni mpangilio kinyume na ule ulioniangusha. Pili, mwanzoni wahudumu wengi waliyapuuza maonyo, na manufaa yalikuja pale uongozi ulipowafunza, ukawafuatilia na kuwatia moyo. Yaani kilichofanya kazi ni mashine pamoja na watu. Tatu, ripoti iliandaliwa kwa ushirikiano na OpenAI, kampuni iliyotengeneza modeli ya akili mnemba inayoiendesha programu hiyo, na katika suala la wagonjwa kujisikia nafuu haikuonyesha tofauti yenye uhakika wa kitakwimu. Tunaweza kuipongeza kazi hiyo na wakati huohuo kudai uthibitisho kutoka kwa wasio na hisa ndani yake.

Swali la saini ya pili linawagusa pia wagonjwa wanaojitafutia majibu. Siku hizi katika Kariakoo simu janja ndiyo zahanati ya kwanza. Tangu mwaka 2019 programu ya Ada ya kuchunguza dalili imekuwa ikipatikana kwa Kiswahili, kwa kazi iliyoshirikisha Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Na sasa programu za mazungumzo za kila namna hujibu kwa Kiswahili chenye ufasaha wa kutia aibu. Ufasaha, hata hivyo, si ujuzi. Mtu akisema ana "vichomi", anaweza kumaanisha maumivu ya misuli baada ya kubeba magunia, nimonia, au maumivu ya moyo. Muuguzi mzoefu atauliza tena, atamtazama anavyopumua, atamshika mkono. Programu iliyojifunza Kiswahili cha maandishi machache itachagua maana moja na kuendelea bila kusita. Wala hakuna wa kumrudia kesho kumwambia kwamba ulinipotosha.

Saini ya tatu: ni nani aliyeruhusu taarifa zangu ziende huko?

Picha ya mzee yule haikusomwa ndani ya chumba. Ilisafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta ambazo hata leo sijui ziko nchi gani, ikarudi na alama. Je, aliambiwa? Aliweka dole gumba kwenye fomu moja iliyoruhusu "uchunguzi". Hakuna aliyemweleza kwamba mapafu yake yatatazamwa na programu, wala kama picha itahifadhiwa au kutumika kuifunza programu nyingine.

Sheria yetu haiko kimya kuhusu hili. Ibara ya 16 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti zinazohitaji ulinzi wa ziada, inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi, na inampa mhusika haki ya kutaka uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitegemee mashine peke yake. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024, na mwananchi anaweza kuipelekea malalamiko.

Udhaifu hauko sana katika maandishi ya sheria. Uko katika hatua iliyo kabla yake. Mtu hawezi kudai kwamba uamuzi usifanywe na mashine peke yake ikiwa hajui kwamba kuna mashine. Haki hiyo ni taa isiyo na kibiriti mpaka mhudumu wa kwanza anayempokea mgonjwa afungue kinywa na kumwambia. Aidha, hatujatunga sheria mahususi ya akili mnemba, tofauti na Umoja wa Ulaya ambao sheria yake ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024 na inataka mifumo yenye hatari kubwa, ambamo vifaa tiba vingi vya aina hii huingia, isimamiwe na binadamu. Umoja wa Afrika uliidhinisha mkakati wake wa bara Julai 2024. Mkakati ni mwanzo mwema, lakini hauwezi kumfidia mgonjwa.

Ridhaa inayopatikana kwa haraka au kwa kishawishi si ridhaa. Wakenya walilijifunza hili mwaka 2023, maelfu ya watu walipojipanga jijini Nairobi kupigwa picha za mboni za macho na mradi wa Worldcoin, wakiahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi za Kenya. Serikali iliusimamisha mradi Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru taarifa zilizokusanywa zifutwe, baada ya kuona kwamba ridhaa ilipatikana kwa kishawishi na bila tathmini ya athari iliyotakiwa na sheria. Hospitali haitoi sarafu, lakini mgonjwa anayetaka kupona ana kishawishi kikubwa kuliko fedha: atasaini chochote. Kwa sababu hiyohiyo wajibu wetu wa kumweleza ni mzito zaidi.

Na tusitazame kampuni za nje pekee. Daktari kijana aliye zamu ya usiku, asiye na bingwa wa kumpigia simu, huipiga picha eksirei yenye jina na namba ya faili, akaituma kwenye programu ya bure ya mazungumzo apate maoni. Namwelewa, nia yake ni kuokoa maisha. Lakini kwa kitendo hicho amekwisha kuitoa siri ya mgonjwa nje ya hospitali, bila ruhusa ya yeyote na bila njia ya kuirudisha.

Tufanye nini?

Kwa wahudumu wenzangu, nashauri mambo manne yasiyohitaji bajeti kubwa. Mweleze mgonjwa kwa sentensi moja kwamba picha yake itasomwa na programu, kisha na mtu, na kwamba ana haki ya kuuliza. Andika maoni yako kabla ya kuifungua alama. Ukikubaliana au kutokubaliana na mashine, andika hivyo kwenye faili, ili siku moja tuweze kuhesabu ni mara ngapi ilikosea na ni kwa nani. Na usitume jina, sura wala namba ya faili ya mgonjwa kwenye programu ambayo taasisi yako haikuiidhinisha.

Kwa wagonjwa na jamaa zao, jifunzeni maswali matatu, na yaulizeni bila woga: Jibu hili limetolewa na nani? Nani mwingine ameliangalia? Kama sijapata nafuu, nirudi lini na nimwone nani? Swali la tatu lingemwokoa mzee wangu wiki tisa. Na kikohozi kikizidi wiki mbili, omba kipimo cha makohozi hata kama umeambiwa na mashine, simu au daktari bingwa kwamba u mzima. Nasema hivyo nikijijumlisha mwenyewe.

Kwa wenye mamlaka, ombi langu ni la wazi. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye dhamana ya vifaa tiba, iweke hadharani, kwa Kiswahili, orodha ya programu za akili mnemba zilizoruhusiwa kutumika katika tiba, pamoja na maelezo ya watu ambao kila moja ilijaribiwa kwao. Kila kituo kinachozitumia kiwe na mtu mmoja anayejulikana kuwa msimamizi wake, na daftari la makosa linalokaguliwa. Baraza la Madaktari litoe mwongozo unaoeleza daktari anawajibika wapi na taasisi inawajibika wapi, ili mzigo wote usimwangukie mhudumu wa chini aliyepewa kifaa asichokichagua, wala usipeperuke hewani ukakosa wa kuubeba.

Mzee alimaliza dozi yake na kupona. Mjukuu naye alipona. Siku aliyokuja kuchukua karatasi ya kumaliza tiba, nilimkalisha na kumjibu swali aliloniuliza. Nilimwambia kwamba mashine ilitoa namba, kuna mtu aliyepanga mpaka ambaye sikuweza kumpata, lakini aliyesema yeye ni mzima nilikuwa mimi, na kwamba nilikosea. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Basi ahsante, daktari. Nilitaka tu nijue kama kuna mtu."

Namwomba kila atakayeingiza programu mpya katika kituo chake ahakikishe kwamba mgonjwa akiuliza hivyo, mtu huyo yupo, na anajulikana jina lake.